Mimea Sugu ya Kupandiwa na Kinyonga Ndani ya Nyumba za Pwani

Kinyonga akifugwa ndani, mmea ndio ardhi yake. Ndipo anapotembea, anapolala, anapojificha, na ndipo anapopata maji, kwa kuwa hana habari na bakuli. Anachokitambua yeye ni tone linaloning'inia kwenye jani. Hapa Malindi watu wengi huanza na tundu, wakaja kwenye taa, kisha siku ya mwisho wakasimama kwenye vitalu vya kando ya barabara wakachukua mmea wowote uliochanua. Utaratibu huo naupinga. Anza na mmea, mengine yaufuate.

Na mmea sugu si ule usiokufa tu. Ni ule unaovumilia kunyunyiziwa maji kila siku, kukanyagwa, kuchafuliwa na kuvunjwa vitawi, kisha ukitolewa nje wiki chache ukachipua upya. Sijaona mmea unaopendeza mwaka mzima ndani ya tundu bila kupumzika. Ndiyo maana mwongozo huu wote umesimama juu ya zamu: kuwa na mimea mara mbili ya ile unayoihitaji, nusu iwe ndani, nusu iwe nje inajirudisha.

Hatua ya 1: Kibali, na kumjua kinyonga wako

Kinyonga ni mnyamapori. Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kabla ya kumweka mnyama kama huyu, na biashara yake ya kuvuka mipaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Usimtoe msitu wa Arabuko-Sokoke, usimnunue kwa mtoto aliyemwokota njiani. Kama huna kibali, soma hivyo hivyo: mimea hii ukiipanda nje ya nyumba na ukaacha kupuliza dawa, huenda kinyonga akaja mwenyewe, na hapo humfungi wala humdhuru.

Anayeonekana zaidi pwani yetu ni Chamaeleo dilepis, mwenye mikunjo miwili ya ngozi nyuma ya kichwa. Huyu amezoea joto na upepo wetu. Yule wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, ni wa nyanda za juu zenye baridi, kama maeneo ya Mlima Kenya; joto la Malindi la mwezi wa Februari litamtesa hata umpe msitu mzima. Wapo pia wanaofuga Chamaeleo calyptratus, mwenye asili ya Yemen na Saudia, na huyo ana jambo lake: hula majani. Wengine hula karibu wadudu tu, lakini huyu utamkuta anatafuna mmea wako, kwa hivyo kwake kila jani ulihesabu kuwa chakula.

Hatua ya 2: Tazama mahali kabla ya kutazama mmea

Kaa pale unapotaka kuweka tundu, asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone jua linaingiaje. Nyumba za mawe za Amu (Lamu) zina kuta nene na vyumba vya ndani vina giza. Mmea wa jua ukiwekwa huko utarefuka, utakonda na kulegea, na kinyonga akiukanyaga utalala. Katika nyumba ya namna hiyo mahali pazuri ni kiwandani, pale kati palipo wazi juu, upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Nyumba za Malindi zenye baraza pana zina nafuu zaidi.

Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha lisikuhadae. Mmea utaridhika nalo, lakini kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa sana ya mionzi ya urujuanimno aina ya B, ambayo kinyonga anaihitaji ili mwili wake uweze kutumia kalisi na kujenga mifupa. Ama apate jua la moja kwa moja kupitia wavu, ama apate taa maalumu. Na popote apatapo jua, pawe na kivuli cha majani cha kukimbilia.

Tundu la wavu lenye upana wa sentimita 60 kwa 60 na kimo cha 120 linamtosha kinyonga mkubwa wa kawaida. Kwa tundu hilo tafuta mmea mmoja mkuu wa sentimita 60 hadi 90 ukipimwa pamoja na chombo chake, na mingine midogo miwili au mitatu ya kujazia.

Hatua ya 3: Jifunze mguu wake, ndipo uchague tawi

Vidole vya kinyonga vimegawanyika makundi mawili yanayokabiliana: mguu wa mbele una vitatu ndani na viwili nje, wa nyuma una viwili ndani na vitatu nje. Mguu huo umeumbwa kukumbata. Hauna kazi kwenye ubao mpana, wala kwenye jani laini lililosimama wima.

Kwa hiyo ukiwa kitaluni, acha kwanza kutazama maua. Shika tawi. Kwa kinyonga mkubwa liwe na unene kuanzia wa kalamu ya risasi hadi wa kidole gumba, na mmea mmoja uwe na unene wa namna mbalimbali, maana mguu unaoshika unene uleule siku zote huchoka. Kinyonga mdogo anataka vitawi vyembamba zaidi. Bonyeza tawi taratibu kwa kidole: likiinama kidogo na kurudi, ni zuri, likilala moja kwa moja, mmea huo umelelewa kivulini na haujakomaa. Kisha tazama kama matawi yanakwenda pembeni. Mmea unaopanda juu tu, bila tawi la ulalo, unampa njia lakini haumpi mahali pa kutulia.

Hapa ndipo mimea mingi inayosifiwa kwa usugu inapoanguka. Sansevieria, ule wenye majani marefu kama panga, unastahimili ukame na giza kuliko karibu mmea wowote wa ndani, lakini kinyonga ataushika wapi? Uache ukae sebuleni.

Hatua ya 4: Mimea ninayoiamini

Wa kwanza kwangu ni haibiskasi, Hibiscus rosa-sinensis, ile yenye ua kubwa jekundu na ulimi mrefu, inayopandwa kuzunguka nyumba nyingi za Malindi. Matawi yake ni ya mti kweli, yanakwenda kila upande, yana ngozi ya kukwaruza inayoshikika, na ukiyakata huchipua mara mbili. Majani na maua yake yanalika bila madhara, kwa hivyo kwa kinyonga wa Yemen sioni unaoushinda. Shida yake ni mwanga: inataka saa kadhaa za jua, na ikikosa hudondosha machipukizi ya maua na kuvutia wadudu weupe wa unga. Shida ya pili ni udongo wetu. Palipo na mwamba wa matumbawe udongo hubeba chokaa nyingi, na haibiskasi hushindwa kufyonza chuma; utaona jani limegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa yake ni udongo mzuri, nitaueleza mbele.

Wa pili ni shefulera, Schefflera arboricola, yenye vijani saba au zaidi vilivyotandazwa kutoka kwenye kikonyo kimoja. Huu ndio wa nyumba zenye mwanga wa wastani. Shina lake ni gumu, vikonyo vinabeba uzito, na majani yana nta inayofanya matone ya maji yakae juu yake, jambo ambalo kinyonga analishukuru kila asubuhi. Ukisahau kuumwagilia siku chache, hausemi kitu. Kama tundu lako liko Amu ndani ya nyumba ya mawe, mbali kidogo na kiwanda, anza na huu, na usitafute mwingine mpaka uone umeushinda.

Pothosi, Epipremnum aureum, ule mtambaa wa majani ya umbo la moyo ambao wauzaji wengi huuita manipulanti, hauwezi kuwa mmea mkuu kwa sababu bua lake ni laini. Lakini ukiuzungusha juu ya tawi kavu unakuwa pazia. Kinyonga anayejua kwamba anaweza kujificha hutulia. Asiye na pa kujificha hubadilika rangi ikawa nzito, akakataa chakula. Pothosi huota hata kwenye chupa ya maji, basi huna sababu ya kuununua zaidi ya mara moja. Utomvu wake una chembe za kuwasha mdomo. Wafugaji wengi wanautumia bila tatizo, ila kwa kinyonga anayetafuna majani weka haibiskasi karibu zaidi na mahali anapokaa, na pothosi iwe pembeni.

Fikasi, Ficus benjamina, ina umbo zuri kuliko yote: mti mdogo kamili, wenye matawi membamba mengi. Kasoro zake mbili zijue mapema. Ukiihamisha hupukutisha majani, wakati mwingine nusu nzima, na watu wakaitupa wakidhani imekufa. Iache palepale, usiongeze maji, itarudisha. Na ukikata tawi hutoa maziwa yanayowasha ngozi, kwa hiyo ipogolee nje, uoshe makovu, na uirudishe utomvu ukishakauka.

Asumini, Jasminum sambac, haitajwi sana kwa kazi hii, lakini hapa kwetu ipo kila mahali na haina sumu. Matawi yake ya zamani ni magumu, mapya yanatambaa. Ifundishe kuzunguka fremu ya fito ukiwa bado umeiweka nje, na ikishika umbo ndipo uiingize. Inataka jua kama haibiskasi. Drasena inafaa kama nguzo ya kupandia ikiwa na mashina mawili au matatu yaliyokatwa vimo tofauti. Ncha za majani yake zitakauka ukitumia maji ya chumvi.

Hatua ya 5: Isiyoingia ndani kabisa

Hapa sina mjadala. Mnyaa, Euphorbia tirucalli, unaopandwa kuwa ua wa boma, una maziwa yanayoweza kupofusha jicho la mtu mzima, sembuse la kinyonga ambalo limetokeza nje na kuzunguka pande zote. Oleanda, yenye maua ya waridi na majani membamba marefu, ina sumu ya moyo katika kila sehemu yake. Adenium obesum, ile ya shina nene lililovimba inayouzwa kwa bei kwenye vyungu vidogo, utomvu wake umetumika kutia sumu mishale sehemu mbalimbali za Afrika. Mnanaha, mbarika na difenbakia viache huko huko. Krotoni yenye majani ya rangi rangi, iliyojaa bustani za hoteli zetu, ni ya jamii moja na mnyaa na utomvu wake huwasha. Najua inapendeza, lakini hapana. Bogenvilia ina miiba.

Mwarobaini, au mkilifi, unatatanisha kwa sababu ni dawa kwetu. Lakini majani na mafuta yake huvuruga ukuaji wa wadudu, na wadudu ndio chakula cha kinyonga. Usiuweke ndani ya tundu, wala usipake mafuta yake kwenye mimea iliyomo.

Hatua ya 6: Safisha mmea kama vile umetoka shambani kwenye dawa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo inaua zaidi ya utomvu wowote. Mimea ya kuuza hupulizwa dawa, na baadhi ya dawa hizo hufyonzwa na mizizi zikakaa ndani ya jani. Kuosha hakuziondoi. Mdudu akila jani, kinyonga akamla mdudu, sumu imefika. Kwa sababu hiyo napendelea kipandikizi nilichokikata kwenye ua wa mtu ninayemjua hapulizi, kuliko mmea mkubwa wa kitaluni. Ukilazimika kununua, muulize muuzaji waziwazi amepuliza nini na lini, kisha uuweke mmea nje kwa miezi kadhaa, uote majani mapya, ya zamani uyapunguze.

Siku ya kuuandaa, utoe kwenye chombo chake na ukung'ute udongo wote, kwa kuwa udongo wa kitaluni mara nyingi una punje za mbolea na vipande vyeupe vyepesi ambavyo kinyonga anaweza kuvidaka kwa ulimi akidhani ni mdudu. Osha majani juu na chini kwa maji yenye tone la sabuni, kisha suuza mara mbili kwa maji matupu. Kagua mapajani mwa matawi kama kuna utitiri au wadudu wa unga. Kipandikizi kilichokatwa karibu na mwembe au mchungwa ukikague zaidi: chungu maji moto hupenda miti hiyo, na wachache tu wakiingia ndani ya tundu watamshambulia kinyonga asiye na pa kukimbilia.

Udongo ninaoutumia ni mafungu mawili ya udongo mwekundu wa bara, fungu moja la mchanga wa mto, fungu moja la samadi ya zamani iliyooza mpaka haina harufu, na nyuzi za makumbi kidogo. Mchanga wa ufukweni usitumie. Makumbi pia chunguza yametoka wapi, kwani yale yaliyozikwa ufukweni ili yasokotwe kamba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji matamu na uyamwage mara kadhaa. Juu ya udongo panga kokoto kubwa kuliko kichwa cha kinyonga, asije akameza. Kama ni jike, mwekee beseni la udongo wenye mchanga na unyevu kidogo, kina cha sentimita 20 hadi 30, hata kama hana dume. Anaweza kubeba mayai bila kupandwa, na asipopata pa kufukia anaweza kuyazuia tumboni mpaka afe.

Chombo cha udongo wa kufinyanga ni kizito na hakipinduki, hilo ni jema. Ndoo tupu za rangi zisitumike, hata zioshwe vipi.

Wa Amu mna kazi ya ziada. Mmea ukivushwa kwa boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, hupigwa na rasharasha za bahari njia nzima. Ufunge ndani ya gunia au mfuko mkubwa kabla ya kupanda boti, na ukifika uoshe majani kwa maji matamu siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Maji

Nyunyiza majani asubuhi mapema na tena jioni, mpaka matone yaning'inie, na umpe kinyonga muda wa kulamba. Unaweza pia kutoboa tundu dogo sana chini ya chupa, uiweke juu ya wavu, idondoshe polepole kwenye majani ya shefulera. Kati ya nyunyizo mbili majani yakauke kabisa. Hewa yetu ina unyevu tayari, na tundu lisilokauka huleta ukungu kwenye mmea na maradhi ya mapafu kwa mnyama.

Visima vingi vya Malindi na Amu vina maji ya chumvi kiasi. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Baadaye majani yanapata ganda jeupe na kingo zinaungua. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, uyaweke kwenye pipa lenye kifuniko, yawe ya kunyunyizia tu. Yale ya kisima yakilazimika, yatumie kumwagilia udongo, na mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi matamu yapite mpaka chini kuondoa chumvi iliyokusanyika. Maji ya kwenye visahani vya chini yamwage kila siku. Mbu hawaulizi.

Hatua ya 8: Kupanga

Mmea mkuu ukae katikati au kona ya nyuma. Matawi makavu ya mpera, yaliyooshwa na kukaushwa juani, yawe madaraja kutoka mmea hadi mmea, kwa ulalo na mshazari. Fito za mkoko pia zinafaa zikilowekwa kwanza kutoa chumvi. Usifunge kwa kamba inayochambuka, ukucha hunasa. Tawi moja la juu liwe wazi kwa kuota jua au taa, sentimita 25 hadi 30 chini ya taa, na majani yasifike hapo yasije yakaungua. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na taa ya joto huenda isihitajike kabisa. Pima kwa kipimajoto, usipime kwa jasho lako. Sehemu ya chini iwe na majani mengi, baridi na kivuli. Acha nafasi tupu ya kutosha katikati: kinyonga huwinda kwa ulimi, na ulimi unataka njia iliyonyooka.

Hatua ya 9: Zamu

Badilisha mmea mmoja kwa wakati, kamwe isiwe yote siku moja, maana kinyonga ana njia zake na kuzivunja zote humtia wasiwasi. Haibiskasi na asumini zitoke kila baada ya wiki nne hadi sita, shefulera inaweza kukaa miezi mitatu, pothosi itoke ukiona majani yamepungua. Ukitoa, osha kinyesi chote, pogoa vilivyovunjika, na uuweke mmea kwenye kivuli siku chache kabla ya kuupeleka juani, la sivyo majani yatababuka. Wakati wa kusi uweke upande wa nyumba uliokingwa na upepo wa bahari.

Vipandikizi vya haibiskasi vikatwe mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Aprili: tawi lisilo changa wala kongwe, sentimita 15, majani ya chini yote yaondolewe na mawili ya juu yakatwe nusu, lichomekwe kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Vikishika mizizi vihamishie kwenye udongo, na kila kimoja kikifika sentimita 20 kikate ncha ili kitoe matawi ya pembeni. Ukivilea nje tangu hapo, kaskazi inapoanza kuvuma tayari unayo miche yenye vitawi vya kushikika. Kata vitano hata kama unahitaji viwili.